Filamu isiyo na risasi

Umeomba filamu nzuri isiyo na risasi wala magari kulipuka. Tafuta 12 Angry Men ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Sidney Lumet. Nimeitazama juzi na bado inanizunguka kichwani. Ni dakika 96, karibu zote ndani ya chumba kimoja: raia 12 walioitwa na mahakama wanaamua kama kijana fulani alimuua baba yake. Wote wanaona ana hatia isipokuwa mmoja, na uamuzi lazima uwe wa kauli moja. Hapo ndipo patashika inapoanza.

Iangalie vizuri kamera. Mwanzoni inawatazama kwa juu kidogo; mabishano yakipamba moto inazidi kushuka, mpaka unaiona dari na chumba kinakuwa kama kinakubana wewe. Na pale kisu kinapochomekwa mezani... sisemi zaidi, nisije nikakuharibia utamu.

Usiikimbie eti kwa kuwa haina rangi, baada ya dakika chache utasahau. Kuna toleo la televisheni la 1997 lenye mwigizaji Jack Lemmon. Si baya, ila anza na hili la zamani.