Mshipa upi, muganga?

*Mwalimu, baba yetu ana saratani ya umio. Muganga amesema: "Uko na mushipa ulizaliwa nao, unapita nyuma ya umio. Wakati wa kupasua tutaangalia tusiumize mushipa, usipoteze sauti." Mdogo wangu anadai ilitakiwa aseme "saratani ya koo". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Kadutu, Bukavu)*

Poleni sana kwa ugonjwa wa baba. Umio ni njia ya chakula peke yake, kutoka kooni hadi tumboni, na ni neno la Kibantu la tangu kale. Muganga hakukosea hapo.

Kinachonichoma ni huo "mshipa". Kwetu mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, hata kano; huko pwani ni ngiri pia. Sokoni haidhuru. Mbele ya mgonjwa ni uzembe, maana katika maneno ya muganga wenu mshipa wa kwanza si wa pili!

Wa kwanza ni ateri ya mkono wa kulia, yaani mshipa wa damu itokayo moyoni. Kwa kawaida huchipukia upande huohuo wa kulia. Kwa watu wachache, kama 1 kati ya 100 au pungufu, hutoka mwisho wa tao la aota (pindo la ateri kubwa itokayo moyoni), upande wa kushoto, kisha hurudi kulia, mara nyingi ikipita nyuma ya umio. Mwingereza David Bayford aliieleza mwaka 1794 kwa habari za mgonjwa aliyeshindwa kumeza. Mpasuaji asiyeiona mapema kwenye picha ya skana anaweza kuikata anapobandua umio, damu ikafoka.

Wa pili ni neva ya sauti, yaani mshipa wa fahamu. Ile ya kulia hushuka, huzunguka chini ya ateri hiyo, kisha hupanda hadi kwenye zoloto, kisanduku cha sauti kooni. Ateri ikiwa imehama, neva haina pa kuzungukia. Hunyoosha moja kwa moja hadi kwenye zoloto. Mpasuaji anayeondoa tezi za limfu karibu na umio huitafuta mahali isipo na kuijeruhi ilipo. Hapo sauti hukauka, na chakula huweza kumpalia mgonjwa hadi mapafuni.

Ateri ikikatwa hutoa damu, neva ikijeruhiwa hunyamazisha. Kuziita zote "mshipa" ni kumnyima mtu haki ya kujua anakubali hatari gani. Najua wengi wetu Bukavu tumejifunza mwili kwa Kifaransa, lakini ateri, vena na neva zimo katika Kiswahili sanifu, na "mshipa wa damu" anauelewa kila mzee. Rudini kwa muganga kabla baba hajatia sahihi, awatajie kila mshipa kwa jina lake.