Sampuli 300 zinatosha nchi nzima?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina bucha Morogoro. Semina moja tuliambiwa sampuli 300 zinatosha kupima mabaki ya dawa kwenye nyama, hata nchi ikichinja mamia ya maelfu ya ng'ombe kwa mwaka. Si tunadanganywa?

JIBU: Marahaba. Hamkudanganywa, ila mlipewa nusu ya maelezo.

Tuseme katika kila ng'ombe 100 wanaochinjwa, mmoja ana oksitetrasaiklini (dawa ya antibiotiki) iliyozidi kiwango. Ukimpima mmoja aliyeteuliwa kwa kura, uwezekano wa kumpata asiye na tatizo ni 0.99. Ukipima wawili, ni 0.99 mara 0.99. Fika 299, na uwezekano wa kutonasa hata mmoja unashuka chini kidogo ya asilimia 5. Hapo ndipo 300 ilipotoka. Jumla ya ng'ombe wa nchi haiingii kwenye hesabu hii, wawe laki moja au milioni. Kinachoingia ni ukubwa wa tatizo: wakiwa 5 kati ya 100, sampuli 59 zinatosha; akiwa 1 kati ya 1,000, andaa karibu 3,000.

Nusu mliyonyimwa ni hiyo kura, na ndiyo inayonisumbua mimi. Lori likishusha ng'ombe 30 wa zizi moja, waliochomwa sindano siku moja, figo zao 30 zinakupa habari za zizi moja. Malori kumi ya hivyo yanakupa sampuli 300 na habari za mazizi kumi! Mkaguzi akichukua za alfajiri tu ili awahi usafiri wa kwenda maabara, ng'ombe wa saa nne wamekwisha kuachwa nje. Kura ipigwe kabla malori hayajafika, na machinjio madogo ya wilayani yawemo.

Ng'ombe wa kushukiwa ni suala jingine: shingo imevimba pa sindano, au ni wa maziwa aliyeuzwa kwa ugonjwa wa kiwele. Huyo apimwe, nyama izuiwe hadi majibu yatoke, lakini asihesabiwe pamoja na wale wa kura, maana ataipandisha asilimia isivyo halali. Figo hupendelewa kwa sababu dawa hii hutoka mwilini kupitia huko. Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inaruhusu mikrogramu 1,200 kwa kilo ya figo, na 200 tu kwa kilo ya nyama.

Kwa hiyo mkiambiwa “300, hakuna iliyozidi”, ulizeni zimetoka machinjio gani na nani alizichagua. Nawe muulize anayekuuzia ng'ombe tarehe ya sindano ya mwisho. Siku za kungoja kabla ya kuchinja zimeandikwa kwenye chupa ya dawa.