Waulize na shangazi zako

Nilipogundua uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama kokwa ya ukwaju, nilikuwa na miaka 36. Daktari wa kwanza aliniuliza kama mama aliwahi kuugua saratani ya matiti. Na mama mdogo? Na bibi mzaa mama? Nikajibu hapana, naye akaandika hapana kwenye faili. Upande wa baba hakuuliza, na mimi sikusema, kwa sababu hata mimi niliamini ugonjwa wa matiti hutoka kwa mama kwenda kwa binti.

Miezi michache baadaye tulikuwa kwenye arobaini ya shangazi yangu. Baada ya kisomo nikakaa jikoni na shangazi mkubwa, nikiwa na daftari la rambirambi mapajani, nikamwomba anitajie wote waliokufa na walichougua. Alianza kwa kunong'ona. Mmoja "alikatwa titi" akiwa hajafika miaka 40. Mwingine tumbo lilimjaa maji, watu wakasema ametupiwa. Babu aliondoka na "ugonjwa wa mkojo". Nilichora mti wa ukoo nyuma ya lile daftari, na mkono ukaanza kunitetemeka: titi, ovari, tezi dume, wote upande mmoja. Baba mwenyewe ni mzima, anaendesha baiskeli hadi leo.

Karatasi ile ndiyo iliyomfanya daktari bingwa aagize kipimo cha vinasaba. Damu ikaenda nje ya nchi, majibu yakarudi: BRCA2, jeni yenye hitilafu.

Jeni hiyo kila mtu anayo, wanaume kwa wanawake. Kazi yake ni kusaidia kukarabati vinasaba vinapokatika ndani ya seli. Tunarithi nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na mwenye nakala moja mbovu humpa kila mtoto nafasi ya nusu kwa nusu ya kuipata. Kwa hiyo baba asiyeumwa chochote anaweza kumpa binti yake. Mwanamke mwenye hitilafu hii anakadiriwa kuwa na uwezekano wa karibu asilimia 69 wa kupata saratani ya matiti afikapo miaka 80, na karibu asilimia 17 kwa ovari. Ni namba za kutisha, lakini si hukumu. Halafu wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hawakurithi chochote. Waliorithi ni kama asilimia 5 hadi 10.

Majibu yale yalibadilisha hata matibabu yangu. Seli ya saratani iliyopoteza fundi wake wa ukarabati hushindwa kuhimili dawa zinazoziba njia nyingine ya ukarabati, kama olaparib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa saratani ya ovari na 2018 kwa ya matiti. Nimeimeza mwaka mzima baada ya dripu. Ni ghali mno, na bila mchango wa ndugu nisingeimaliza. Ulizia mapema bima yako inalipia nini, usingoje hadi dawa iandikwe.

Kuna jambo jingine nalisema kwa uchungu. Mama mmoja tuliyekaa naye kwenye viti vya dripu alipewa vidonge vya capecitabine. Ndani ya wiki mdomo ulichubuka wote, akaharisha hadi akashindwa kusimama, na nyumbani wakamwambia avumilie, dawa ndivyo zilivyo. Baadhi yetu tumezaliwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo DPYD, na mwili hushindwa kuivunja dawa hiyo. Dozi ya kawaida inageuka sumu. Vipimo vingi vya jeni hiyo vilianza kwa kutafuta mabadiliko manne yanayoonekana zaidi kwa Wazungu, na yapo mengine yanayopatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Kwa hiyo hata ukiambiwa uko salama, uliza walitafuta yapi. Na vidonda vya mdomo au kuharisha kukianza siku za mwanzo, acha kumeza, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kliniki.

Ukoo ukitaka kupima BRCA2, aanze aliyeugua. Hitilafu ikijulikana, wengine hutafutiwa hiyo hiyo, na asiyekuwa nayo anarudi kwenye hatari ya watu wote.

Kaka yangu alikataa kwa muda mrefu. "Mimi mwanaume, matiti yananihusu nini?" Nikamkumbusha babu na ule ugonjwa wa mkojo, maana BRCA2 huleta pia saratani ya tezi dume, tena kali. Amepima mwezi uliopita. Anayo. Ana mabinti wawili, mkubwa ana miaka 19. Tumekubaliana tutamweleza Idd hii, baba yake akiwa amekaa pembeni yake.