Kompyuta yako haijazeeka, imebebeshwa tu mizigo

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa binti anayesoma chuo huku Malimbe, Mwanza: "Shikamoo dada. Laptop yangu nikiiwasha napika uji, nakunywa, naosha kikombe, ndipo inafunguka. Fundi kasema ipigwe windo, yaani Windows ifutwe iwekwe upya, nimpe elfu thelathini. Naomba linki ya booster nzuri ya bure, ile programu ya kuongeza kasi." Marahaba mdogo wangu. Nakujibia hapa hapa, maana ujumbe wa namna hii naupata kila mara na vidole vimechoka kuandika jambo lile lile WhatsApp.

Linki ya booster sikupi. Na elfu thelathini yako ishike kwanza.

Mimi nina steshenari. Nataipu, naprinti, natoa kopi, nabandi ripoti. Mashine zangu zote nilizinunua zikiwa zimetumika: RAM ya GB 4, diski za zamani zile zinazozunguka. Mwisho wa muhula wanafunzi wakianza kukabidhi tafiti zao, foleni inafika barabarani na kila mtu ana haraka. Siku moja katika msimu huo mkaka mmoja alichomeka flashi, akasubiri, akaangalia saa, akasubiri tena. Kisha akasema kwa sauti, watu wote wakisikia: "Dada, hii kompyuta ililetwa na wamisionari nini?" Watu wakaangua kicheko. Akachomoa flashi yake akavuka barabara kwa jirani yangu mwenye mashine mpya, na watatu nyuma yake wakamfuata.

Nilicheka nao. Lakini jioni nilifunga duka mapema, na sikufunga kwa sababu ya uchovu.

Hela ya kununua mashine mpya sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni bando na hasira, nikakaa chini kuitafuta sababu yenyewe badala ya dawa. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea njia: mtu anatafuta kitu cha kuongeza kwenye kompyuta ambayo tayari imeelemewa. Kumbe programu zinazojisifu kwamba zitaipa kompyuta kasi zenyewe nazo ni mizigo. Zinazokufaa ni zile zinazokuonyesha tu kinachoendelea, halafu zinakuachia wewe uamue.

Ya kwanza unayo tayari. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Angalia safu tatu: CPU, Memory na Disk. Inayolemewa rangi yake inakolea. Ya kwangu Disk ilisimama kwenye asilimia 100 na haikushuka, hata nilipokuwa sijafungua chochote. Nilipobonyeza kichwa cha safu ile, walaji wakubwa wakapanda juu, na hapo nikawaona: antivairasi mbili zinagombana, kila moja ikikagua faili ambalo mwenzake amelishika, na "viboreshaji" vitatu vya kasi. Kijana aliyekuwa akinisaidia dukani alikuwa ameviweka kwa nia njema kabisa. Kila mashine ilipokuwa nzito aliongeza kingine.

Nikatoa vyote. Nikabakiza ulinzi unaokuja na Windows yenyewe, unatosha kwa mtu anayeusasisha. Kwa matangazo yaliyojichomeka kwenye brauza nilipitisha AdwCleaner, ni ndogo na ya bure. Kwa sisi tunaopokea flashi za watu mchana kutwa (mnakijua kile kirusi kinachogeuza mafaili yote kuwa shotikati), kila flashi ikaguliwe kabla ya kufunguliwa, hata kama mteja ananung'unika.

Kisha nikafungua Autoruns. Hii iko kwenye mkusanyiko wa Sysinternals, alioanzisha Mark Russinovich na mwenzake, na Microsoft waliununua mwaka 2006. Ipakue kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, si kwingine. Inakuonyesha kila kitu kinachojiamsha kompyuta inapowaka, hata vile ambavyo Task Manager haivionyeshi. Orodha yake inatisha ukiiona mara ya kwanza. Weka alama pale pa kuficha vitu vya Microsoft, itapungua sana. Halafu ondoa tiki, usifute. Ukiondoa tiki na kitu kikagoma, unairudisha. Ukifuta, utalia. Mimi nilikuta msaidizi wa printa niliyoiuza zamani bado anaamka kila asubuhi kuitafuta.

Tatu, nafasi. WinDirStat inachora diski yako kwa vipande vya rangi, faili kubwa kipande kikubwa, unaona kwa jicho moja kilichojaa. Kwangu kulikuwa na pande kubwa la buluu lililokula karibu robo ya skrini. Nikaligusa kwa mshale: filamu za Kikorea zilizotafsiriwa, msimu baada ya msimu, zimehifadhiwa ndani ya folda iliyoitwa "Hesabu za duka". Sitasema ni za nani. Na hapa niweke neno kwa wenzangu wenye biashara: programu nyingi za "bure" ni bure kwa matumizi ya nyumbani tu, ukitumia ofisini unatakiwa ulipie. WinDirStat, na BleachBit nitakayoitaja sasa hivi, ni programu huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuzitumia popote, hazina sharti hilo.

BleachBit ndiyo ninayosafishia takataka za brauza na mafaili ya muda. Soma kabla hujaweka tiki. Kuna sehemu inayofuta nywila ulizohifadhi, na kuna ile ya kusugua nafasi tupu ya diski, ambayo itakaa masaa na masaa bila kukuongezea kasi hata kidogo. Na sehemu za kusafisha rejista (daftari ambamo Windows huandika mipangilio yake) kwenye programu nyingine, achana nazo. Microsoft wenyewe hawaziungi mkono, faida yake huioni, na siku ikikata waya usiopaswa kukatwa utaipata hasara tu.

Najua kuna atakayesema, "Mimi natumia CCleaner miaka yote." Sawa, nayo ni programu ya kusafisha. Ila kumbuka mwaka 2017 wahalifu walipenyeza programu yao hasidi ndani ya toleo la 5.33 la CCleaner, likapakuliwa kutoka kwenye chanzo halali na kuingia kwenye kompyuta zaidi ya milioni 2. Kama chanzo halali kiliweza kupenyezwa, wewe unayepakua booster iliyovunjwa leseni kutoka kwenye linki ya Telegram unategemea nini? Tupunguze tamaa, ndugu zangu. Vijana wa siku hizi kila kitu mnataka cha mkato, hata mashine.

Kabla hujafanya lolote kati ya haya, lakini, fungua CrystalDiskInfo, programu inayokuonyesha afya ya diski. Ikiandika hali nzuri kwa rangi ya buluu, endelea. Ikiwa njano, simama, nakili kazi zako leo, kwa sababu diski inaelekea kufa na hakuna programu itakayoifufua. Mashine yangu ya pili ilikuwa ya njano. Hiyo niliitoa diski nikaweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, na hakuna kitu nilichowahi kuifanyia kompyuta kikaleta tofauti kubwa kama hicho. Si ya bure, nakiri. Ukishaiweka, usiipitishie programu za kupanga vipande vya diski. Hizo ni za diski za kuzunguka, na hata kwa hizo Windows hufanya kazi hiyo yenyewe.

Kwa wanaoishi kwa bando: iambie Windows kwamba intaneti yako inapimwa ("metered connection"), kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Simu yako ikiwa ndiyo mtandao, apdeti zinaweza kula bando na kushika diski kwa pamoja. Ukipata mtandao wa chuo, ziruhusu. Windows 10 iliacha kupewa apdeti za kawaida za bure tarehe 14 Oktoba 2025, na laptop nyingi za mitumba hazikubali Windows 11. Mashine yangu ya tatu niliiwekea Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure unaokaa mahali pa Windows, pamoja na LibreOffice ya kuandikia badala ya Word. Wateja wa kuprinti hawajagundua.

Na sisi wa kando ya ziwa tuna letu. Taa ikiwaka usiku, wale wadudu wa ziwani hujaa dukani, na wanafika mpaka kwenye feni. Nilifungua laptop ya mteja wa Ukerewe, nikakuta mbawa na vumbi vimeshikana kama blanketi. Kompyuta ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Brashi laini ilitosha. Akasema "wabeja sana", asante ya Kisukuma, akanipa sato.

Yule mkaka wa wamisionari? Jirani alifunga duka. Sasa anaprinti kwangu, anasubiri zamu kama wengine, na mzaha wake hajaurudia.

Basi mdogo wangu, nitumie picha ya Task Manager, dakika kama tano baada ya kuwasha, safu ya Disk ionekane. Na picha ya CrystalDiskInfo. Ukiona njano usisubiri jibu langu, nakili utafiti wako kwenye flashi na kwenye barua pepe. Mlio karibu leteni mashine asubuhi, jioni nina foleni. Kufungua na kusafisha feni nalipisha. Kuangalia tu ni bure, na fundi akitaja kupiga windo kabla hajaiwasha, chukua laptop yako uondoke.