Oili ya 40 kwenye injini ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka): maswali yenu ya wiki hii

Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ. Fundi amekataa oili ya 5W-30 niliyonunua, anasema Dar ni joto, nitie nzito zaidi, namba 40. Nimsikilize?

Usimsikilize. Hoja hii ya joto inarudi kila wiki na inaua injini za watu. Injini ina thamostati. Ikishapata moto inakaa kwenye nyuzi 90 hivi, uwe Tabata kwenye joto au Makete kwenye baridi. Na ile 30 ya mwisho, yaani uzito wa oili, hupimwa oili ikiwa na nyuzi 100, jua la barabarani halimo kwenye hesabu. VVT-i yako inaendeshwa na oili yenyewe: presha yake ndiyo inayozungusha gia ya kemshafti (mhimili unaofungua valvu), ikipitia valvu yenye wavu mwembamba sana. Oili nzito inachelewa kupanda asubuhi, ndiyo maana gari inatoa kelele ya kukereza kwanza kabla ya kutulia, na kila asubuhi ya namna hiyo cheni ya injini inalika. Fungua kitabu kilichokuja na gari kutoka Japani. Hata kama Kijapani hukijui, 5W-30 inasomeka.

Oili gani ni nzuri?

Ya gari gani? Taja gari, injini na mwaka, la sivyo sina la kukujibu.

Nimebadili oili juzi, tayari ni nyeusi. Nimeuziwa feki?

Rangi haisemi hivyo. Oili inaosha masizi, na kwenye dizeli inaweza kuwa nyeusi siku hiyohiyo. Feki inazuiwa dukani: nunua kwa wakala anayetoa risiti, kagua lakiri ya mfuniko. Na galoni tupu usiiache gereji ikiwa nzima. Itoboe kabla hujaondoka, maana kuna watu wanazikusanya, wanajaza oili chafu iliyochujwa na kuzirudisha sokoni.

Hiace yangu ni dizeli. Naweza kutia oili ya petroli?

Hapana. Soma herufi za API (alama ya daraja la oili) nyuma ya galoni: S ni petroli, C ni dizeli.

Fundi amemimina galoni nzima ya lita 4 kwenye IST, stiki inasoma juu ya alama. Kuna shida?

Ipo, na muulize kama filta alibadilisha kweli. 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadili filta, 3.4 usipobadili. Galoni haikupaswa kuisha. Oili ikizidi sana krenki (mhimili unaozunguka chini ya injini) inaipiga hadi inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Simamisha gari mahali tambarare, zima, subiri dakika tano, futa stiki, pima upya, kisha apunguze mbele yako.

Gari inakula oili. Nitie nzito zaidi?

Utakuwa unaficha ugonjwa. Moshi wa bluu ukitoka unapowasha asubuhi tu, shuku sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni. Kabla ya kufungua injini, angalia kama inavuja, na kagua valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukachomwe), ambayo ni ya bei ndogo na mafundi wengi hawaigusi kabisa. Wauzaji wa magari ya mkononi nao wanatumia ujanja huohuo wa oili nzito. Ukienda kununua, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, ili uone moshi wake inapowashwa ikiwa baridi. Gusa boneti; ikiwa ya moto, rudi kesho yake.