Mzee, usiipandishe bendera hivyo: kijani ndicho kikae juu, kwenye mlingoti

Mzee wangu, shikamoo yako utaipata baadaye. Kwanza iache hiyo kamba. Umeandika kwamba wajukuu wanakuja likizo ya Desemba, unataka tarehe 9, Siku ya Uhuru, wakute bendera ya Tanzania uani, na fundi amekushauri uifunge "bluu juu kwa kuwa ni anga, kijani chini kwa kuwa ni majani". Ushauri huohuo ulishaniumbua mbele ya watoto, na aliyenipa alikuwa na banda limejaa bendera hadi mlangoni, ungemdhani waziri wa itifaki. Watu hawa wanajua bei tu.

Bluu si anga. Ni maji: bahari, maziwa na mito. Kijani ni ardhi na mimea yake, nyeusi ni watu, njano ni madini. Anga haimo kabisa. Nahisi wanachanganya na bendera ya Zanzibar, ambayo kweli ina bluu juu, nyeusi katikati na kijani chini, ila yenyewe ni ya milia iliyolala. Ya Muungano mkanda wake mweusi umekatiza kimshazari, unaanzia kona ya chini kwenye mlingoti na kupanda hadi kona ya juu ya upande unaopepea. Kijani kiko juu, kimelalia mlingoti. Bluu iko chini, upande wa kupepea.

Ubaya wa bendera yetu ni kwamba ikigeuzwa bado inapendeza. Waganda wana korongo katikati. Wakikosea, ndege anasimama kwa kichwa na mtaa mzima unacheka. Ya kwetu inanyamaza tu, inapepea, unapigwa picha, na watoto wanaishika hivyohivyo kichwani. Kesho wanaichora shuleni, mwalimu anatia mkasi, wanamjibu "babu ndiye alituonyesha". Hapo mzee utafute pa kuficha uso.

Sasa sikiliza kosa linavyotokea. Pembeni mwa bendera kuna ukanda wa kitambaa kizito wenye vitundu viwili vya chuma. Ukifunga kitundu cha chini juu, kijani kinashuka na mkanda mweusi unateremka kutoka mlingotini badala ya kupanda. Hilo utaligundua na kulirekebisha kwa dakika moja. Baya zaidi ni pale fundi aliposhona ule ukanda upande wa bluu. Bendera hiyo haifungiki sawasawa hata uigeuze namna gani: ukiifunga hivi mkanda unateremka, ukipindua mkanda unapanda vizuri kabisa lakini bluu ndiyo imekaa juu kwenye mlingoti. Ndiyo maana wale wanaosema "tazama mkanda tu, ukipanda uko salama" nao wanapotosha watu. Tazama kijani. Kikiwa juu na kikiwa kimegusa mlingoti, mengine yote yamejipanga yenyewe.

Kwa hiyo kabla hujalipa, itandaze mezani (mezani, si chini), ukanda wenye vitundu uwe mkono wako wa kushoto. Kona ya juu kushoto lazima iwe kijani. Kama si kijani, geuza upande wa pili, kisha pindua. Bado? Mrudishie fundi na anga yake. Ikiwa sawa, chukua uzi wa kijani, uzungushie kitundu cha juu mara kadhaa na kukaza. Kazi hiyo mpe mjukuu mkubwa. Asubuhi ya tarehe 9 saa 12, mikono ikitetemeka kwa baridi, huo uzi ndio utakaokuambia kipi kinaenda juu.

Atakayesimama upande wa pili wa mlingoti ataona kijani kiko kulia kwake. Hajakosea, wala wewe hujakosea, asije akakubabaisha. Ukiibandika ukutani, kijani kiwe juu kushoto kwa anayeitazama. Vibendera vya karatasi navyo ni mtihani: watoto wanachora vizuri halafu wanagundisha kijiti upande wa bluu. Wape kijiti kwanza, wakigundishe kushoto, ndipo wachore mshazari kutoka chini kwenye kijiti kwenda juu kulia. Rangi zije mwisho.

Na hiyo hadithi uliyopanga, kwamba bendera hii ndiyo Luteni Alexander Nyirenda aliyoisimika Kilimanjaro usiku wa Uhuru, irekebishe. Mwaka 1961 ilikuwa bendera ya Tanganyika: kijani, nyeusi na kijani, milia imelala, na njano pembeni mwa ile nyeusi. Hii ya sasa ilianza 1964 baada ya Muungano, ikachukua bluu kutoka Zanzibar. Chora zote tatu, ya Tanganyika, ya Zanzibar na hii, kwenye karatasi moja, watoto wenyewe wataona ile bluu imetoka wapi.

Vipimo ni 2 kwa 3, kwa mfano sentimita 60 kwa 90, na kwa hiyo mlingoti wa mita 4 hivi unatosha. Pita kwa mtendaji kabla ya kuchimba shimo. Mlingoti wa kudumu nyumbani usijiamulie mwenyewe. Saa 12 jioni ishushwe polepole, mtoto mmoja akiwa tayari kuidaka isiguse ardhi, na wengine wasimame kimya kama wanavyosimama filimbi ikilia kituo cha polisi.

Uliuliza pia habari za nyimbo, na kama wa miaka minne ni mdogo mno. Nyimbo wanafundishwa shule. Huyo wa miaka minne mwulize kijani kiko wapi. Akijibu "juu, kwenye mti", mpe kamba avute.

Shikamoo mzee. Ukishaitandaza hapo mezani, weka picha hapa kabla hujaipandisha.