Mfupa uko hai, si kalsiamu tupu

Hapana mkuu, hilo ulilosema la "mfupa ni kalsiamu iliyokufa kama jino, kazi yake kushikilia nyama" si sahihi. Mfupa ni tishu hai: una seli, una mishipa ya damu, na utando wake wa nje umejaa neva. Ndiyo maana ukijigonga ugoko kwenye ngazi ya daladala machozi yanakutoka. Na ukivunjika unaunga wenyewe. Hogo la daktari linaushikilia tu ukae sawa.

Nafundisha baiolojia, na hili huwa nawaonyesha wanafunzi kwa mfupa wa paja la kuku. Uloweke kwenye siki siku kadhaa, madini yanayeyuka na unabaki laini, unaukunja kama mpira. Kilichobaki hapo ni kolajeni, yaani nyuzi za protini. Mwingine uuchome kwenye mkaa: umbo linabaki lakini ukiubonyeza unapukutika, maana kolajeni imeungua. Ugumu unatokana na madini, kutovunjika ovyo kunatokana na kolajeni.

Halafu kuna damu. Ule uboho tunaougonga kwenye sahani ya supu pale Buguruni kwa kawaida ni wa njano, mafuta mengi. Mwekundu, unaotengeneza chembe za damu, kwa mtu mzima upo zaidi kwenye nyonga, kidari, mbavu na pingili za uti wa mgongo.

Ila mfano wako wa jino uuondoe. Jino halimo kwenye ile mifupa 206 ya mtu mzima, na enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, ikishatoboka hairudi.